Sufuria ya Watu Wote Kaloleni

Kama hujawahi kuishi Kaloleni, ule mtaa wa zamani wa baraza la mji hapa Kisumu, utaelezwa habari zake na watu wasioujua. Watakwambia nyumba ni kuukuu, na ni kweli. Watakwambia mabati yanavuja, na hilo pia ni kweli. Lakini ukimuuliza Nakhumicha, mjane wa Kibukusu aliyeingia humo akiwa bibi arusi na sasa ana wajukuu, atakujibu kwa swali: ni mtaa gani mwingine wenye sufuria moja inayowalisha watu wote? Akishauliza hivyo atakukazia macho mpaka ukubali kwamba hakuna. Afadhali ukubali mapema.

Sufuria yenyewe ni ya alumini nzito ya kizamani, ina masikio mawili, na inameza nusu gunia la mchele bila kulalamika. Watoto wote wa Kaloleni wamewahi kutamani kuogea ndani yake, na wote wamechapwa kwa ajili hiyo. Jina lake ni Min Ji, yaani mama wa watu, kwa Kijaluo. Hukaa chumbani kwa Nakhumicha, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Kitanda chake hakina kitambaa kama kile.

Asili yake ni msiba. Zamani, wafanyakazi wa reli, wa bandari na wa kufagia mji walipowekwa katika zile nyumba za mstari, kila mmoja alikuja na lugha yake na sahani yake. Mjaluo aliyeswali msikitini alipakana na Mluhya wa dhehebu la Kikweka, na Mnubi akachota maji bomba moja na Msabato. Kusalimiana walisalimiana, kukopeshana chumvi walikopeshana, lakini wakati wa kula kila mtu alijua mlango wake. Kukiwa na matanga, Waislamu waliketi kando na mikono yao mitupu, kwa kuwa nani alijua sufuria ile juzi ilichemsha nini? Wasabato nao, ambao nguruwe hawamgusi, walikuwa na wasiwasi uleule ila wao waliusema kwa sauti.

Sasa alipofariki baba mkwe wa Nakhumicha, jirani yao wa Kiislamu alikaa na mjane siku zote za kilio, akamfuta machozi, akamwogeshea watoto, kisha kila chakula kilipopakuliwa akainuka kwenda kula kwake peke yake. Mjane huyo, aliyeitwa Nasambu, aliona aibu ikamkaa rohoni. Matanga yalipokwisha, yeye na yule jirani wakachangisha wanawake wenzao, wakanunua sufuria mpya kabisa katika duka la Mhindi, na wakaiwekea sharti: humu haingii nguruwe, wala nyama ambayo hakuichinja Mwislamu. Ikabaki kuamua nani aitunze. Wanawake wa Kiislamu ndio waliosema, na Nakhumicha hupenda kuyarudia maneno yao: "Tukiiweka sisi, mtasema ni yetu. Iwekeni ninyi, na sisi tule. Hapo itakuwa ya wote."

Basi Min Ji ikalala kwa Mkristo. Imepika pilau ya Idi na wali wa Krismasi. Mwaka ule wa ghasia na moshi wa kutoa machozi, maduka yalipofungwa, ilipika uji kwa watoto wa mtaa mzima na hakuna aliyeuliza mtoto ni wa kabila gani. Nasambu alipoona nguvu zinamwisha, alimwita mke wa mwanawe, akamshika mkono, akamwambia: "Ikiingia nguruwe mara moja tu, imekwisha. Hakuna dawa. Na isitoke mtaani bila mwanamke wa mtaa kufuatana nayo." Nakhumicha aliyachukua maneno hayo akayaishi. Miaka yote hiyo Min Ji haikusafiri peke yake hata hadi mtaa wa pili.

Mpaka alipokuja Obiero.

Obiero ni fundi wa kuchomelea vyuma aliyehamia Kaloleni juzi juzi, kijana mchangamfu, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kusahau. Alikuwa anafungua boma lake jipya huko Kombewa, akaja kuomba sufuria. Goti la Nakhumicha lilikuwa limevimba tena wiki hiyo, na Bridget, mke wa mwanawe Khaemba anayeishi naye, alikuwa na zamu kazini. Nakhumicha akalitazama goti lake, akamtazama Obiero, akajisemea kwamba si mtoto mdogo, atajichunga. Akamkabidhi. Yaani umakini wa miaka yote uliangushwa na goti.

Ijumaa asubuhi Obiero akairudisha, imesuguliwa inang'aa, naye anang'aa zaidi.

"Mama Khaemba, ero kamano! Hiyo sufuria yako iko na baraka, wallahi. Watu wamekula mpaka wengine wakalala hapo hapo."

"Asante, baba. Mlipika nini?"

"Tulikuwa tumepanga mbuzi, lakini mashemeji zangu wa Pap Onditi wakatufanyia sapraizi. Walikuja na nguruwe mbili kubwa! Mbuzi hata hakuna haja. Yawa, ile supu..."

Hakuimaliza supu. Nakhumicha alikuwa ameketi chini sakafuni, na goti lake halikumuuma kwa kuwa halikupata nafasi.

"Obiero. Ulipika nguruwe ndani ya Min Ji?"

"Si ilikuwa ndio sufuria kubwa pekee?" Kisha akamwona uso, na kicheko chake kikakatika. "Kwani ile sheria ilikuwa ya huko nje pia? Mimi nilidhani ni ya hapa mtaani tu. Mama, mos, nisamehe. Mos sana. Nimeiosha na Omo, nikasugua na waya mara mbili."

Nakhumicha hakumtukana, ingawa kwa Kibukusu yapo matusi yaliyotengenezwa mahususi kwa mtu kama Obiero. Alikuwa anafikiria kesho. Kesho Rukia, mjukuu wa Hadija Ajwang, alikuwa anaolewa, na pilau ya arusi ilikuwa ipikwe ndani ya Min Ji. Ajwang alikuwa binti wa yule jirani aliyeinuka kwenda kula peke yake. Ndiye rafiki wa Nakhumicha, rafiki wa kuingiliana bila hodi. Mchana Ajwang angetuma mtu kuja kuchukua sufuria. Na sufuria ilikuwa imekwisha. Hakuna dawa.

Obiero akainama, akanong'ona ingawa chumbani hawakuwa zaidi ya wawili. "Mama, lakini nani anajua? Kombewa ni mbali. Mimi nanyamaza, wewe unanyamaza. Nguruwe mwenyewe ameshaenda."

"Ondoka mbele yangu. Lakini usiende mbali."

Alipobaki peke yake, Nakhumicha alifanya jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mtu. Alichukua nyundo ya marehemu mumewe na msumari wa inchi tatu, akaigeuza Min Ji kifudifudi, akauweka msumari katikati ya kitako. Tundu moja tu. Angesema imetoboka kwa uzee, wangesikitika, wangetafuta nyingine, na hakuna ambaye angekula haramu wala kujua kwa nini. Jina lake lingebaki safi, na la mama mkwe wake pia. Alikuwa ameshainua nyundo aliposikia adhana ya Ijumaa kutoka msikiti wa nyuma ya nyumba, sauti ile ile iliyomwamsha kila alfajiri tangu akiwa bibi arusi, na ambayo sasa asipoisikia hulala vibaya. Akaona aibu ya nyundo. Mtu yeyote wa Kisumu angeweza kumdanganya, lakini Ajwang angemtazama mara moja tu na kuuliza, "Min Khaemba, una nini?" Na hapo angejibu nini?

Akarudisha nyundo mahali pake. Akamwita Obiero ajitwike sufuria, wakatoka.

Njia ya kutoka kwa Nakhumicha hadi kwa Ajwang ni fupi, ila siku hiyo ilikuwa na watu wote wa ulimwengu. Ndivyo Kaloleni ilivyo: hakuna anayepita bila kuulizwa anakwenda wapi, na akijibu anaulizwa kwa nini. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu, akatoka kibarazani kupiga saluti. "Min Ji anaenda arusi!" Mama anayekaanga omena akaibariki kwa mwiko. Watoto wakaifuata wakipiga makelele kwa Kijaluo, Kiluhya na Sheng, na mmoja akairukia akaigonga ngo! ikalia kama kengele ya kanisa. Mwishoni mwa mstari wa nyumba alikuwapo Mzee Odongo, Msabato, akiota jua mlangoni pake.

"Kesho ni pilau, donge, si ndiyo?"

"Kesho, Mzee," Nakhumicha akajibu.

"Mimi nitakuja nikitoka kanisani. Muniwekee. Hiyo ndio sufuria peke yake katika hii Kisumu ninakulia bila kuuliza swali."

Obiero aliyekuwa chini ya sufuria alitoa sauti ndogo. Nakhumicha alitazama mbele. Alitamani ardhi ya baraza la mji ipasuke immeze, yeye na goti lake.

Ua wa Ajwang ulikuwa mtulivu. Wanaume walikuwa msikitini, na wasichana wamempeleka Rukia kupakwa hina. Ajwang mwenyewe, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele kwenye ungo. Wageni humshangaa: anaswali sala zake zote tano, na kati ya sala humtukana mtu kwa Kijaluo safi cha Seme. Akainua macho.

"Min Khaemba, una nini?"

Lilimjia swali lile lile. Nakhumicha alimwambia Obiero aitue sufuria, kisha akasema yote akiwa amesimama, bila kujificha nyuma ya goti. Kwamba aliiachia itoke peke yake. Kwamba ilipikiwa nguruwe, tena wawili. Kwamba alishika nyundo, hapana, hilo la nyundo alilimeza. "Mama yako na mama mkwe wangu walinipa kitu kimoja cha kuchunga," akasema. "Kimoja tu. Nimekiharibu. Sitaki ule kitu haramu kutoka mkononi mwangu siku ya arusi ya mjukuu wako. Kama hutanisalimia tena, nitaelewa." Na akaanza kulia, kilio cha mtu mzima, kisichopendeza.

Ajwang alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. Akatoa kingine. Kisha akamgeukia Obiero.

"Wewe. Huyo nguruwe alikuwa mtamu?"

Obiero akatikisa kichwa kukataa, akajifikiria, akakubali kwa kichwa hicho hicho.

"Chukua hizo mitungi. Nenda bomba. Leta maji mpaka nikwambie basi. Usiingie ndani, weka hapo kwa mlango. Na ukifungua hiyo mdomo yako kuambia mtu, nyathina, mwanangu, hutaoa mke wa pili, na hata wa kwanza atakukimbia."

Obiero alitoka mbio. Ajwang akasogeza ungo kando, akavua miwani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nakhumicha alidhani naye analia. Akapiga magoti kumshika, ndipo akaona rafiki yake anacheka, anacheka mpaka anashika ubavu.

"Min Khaemba, yawa. Nguruwe wawili! Yule wa kwanza alikuwa mmoja tu."

"Wa kwanza yupi?"

"Keti. Keti chini, usinifie hapa na arusi ni kesho."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na Ajwang alikuwa ameikalia siri hii tangu ujana. Alisema Min Ji haikuwa na mwaka mzima ilipoingia nguruwe mara ya kwanza. Shemeji zake Nasambu walikuja kutoka Bungoma, wakapika wakati mwenye nyumba yuko sokoni. Nasambu alikwenda kwa mama yake Ajwang analia vilevile, amesimama palepale. Na yule mama akamwambia kwamba dini yao haikumwachia mtu bila njia. Chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo huoshwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Kisha ni safi. Si safi ya kubahatisha, safi kabisa. Wakaiosha pamoja, mlango umefungwa, Ajwang akiwa msichana wa kuwashikia ndoo.

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili ni mimi na mama mkwe wako. Wewe ulikuwa umeolewa mwaka huo. Unakumbuka ile siku tulikuambia uende Kibuye ununue vitunguu, na kwa nyumba kulikuwa na vitunguu?"

Nakhumicha aliikumbuka. Alikuwa amezibeba kero za vile vitunguu moyoni miaka yote, akiamini mama mkwe wake alimwona mjinga.

"Lakini yeye aliniambia hakuna dawa! Alinishika mkono akaniambia imekwisha!"

"Ndiyo. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikamuuliza baadaye, kwa nini unamtisha mtoto wa watu? Akasema, akijua inasafishika, hataichunga." Ajwang akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya leso. "Na si ulichunga? Mimi nimeosha hiyo sufuria na mama mkwe wako. Na wewe ndio mara ya kwanza. Kwa miaka yote hii, mara ya kwanza. Mama yangu alikuwa anasema mtu kama wewe anafaa kuwa sheikh."

Kuna nafuu inayokuja kidogo kidogo, na kuna inayokuangukia yote kwa pamoja. Hii ilimwangukia. Nakhumicha aliketi mkekani miguu ameinyoosha, akahisi kifua chake kinafunguka kama dirisha lililopigwa misumari tangu asubuhi. Alitaka kumkasirikia Nasambu, na alimkasirikia kidogo, kiasi cha kumtaja jina kwa sauti ya ukali. Kisha akacheka, na wanawake wale wawili wakacheka mpaka maji ya Obiero yakajaa mlangoni bila mtu wa kuyapokea.

Wakarudishia geti la ua. Ajwang alichimba udongo chini ya mndimu, kwenye kona ambayo kuku hawafiki, akatupa wa juu na kuchukua wa ndani, mwekundu na laini. Akaunyunyiza majini, akautia ndani ya Min Ji, na Nakhumicha akausugua kwa kiganja kote, kitakoni, ubavuni, ndani ya mshono wa masikio. Ajwang alihesabu kwa Kijaluo na kumwaga. Mikono yao ikawa myekundu hadi kwenye viwiko. Walipofika mara ya nne geti likasukumwa, na Bridget akachungulia na kapu la vitunguu saumu kichwani. Alikuwa ametoka zamu, na amekuja kusaidia kumenya.

"Mama? Mnaosha tena? Si nilimpita Obiero asubuhi ameibeba, ikiwa safi?"

"Masizi," akasema Ajwang.

"Masizi ya Kombewa ni mabaya sana," akasema Nakhumicha, bila kuinua uso.

Bridget alitazama ule udongo, akawatazama wazee wake, akaamua kwamba uzee una mambo yake. Akaketi kumenya. Wao wakamalizia tatu zilizobaki, na ile ya saba maji yalitoka meupe kiasi kwamba Ajwang aliyachota kwa kiganja akayatazama kwenye mwanga, akasema, "Alhamdulillahi," na Nakhumicha akaitikia, "Amina."

Jumamosi pilau ilipikwa. Harufu yake ya bizari ilizunguka nyumba za mstari, ikaingia hata kwa waliokuwa wamesema hawana njaa. Kulikuwa na Wajaluo wa kila dhehebu, Waluhya wa kila ukoo, Wanubi waliokuja na ngoma, na familia ya Mhindi mwenye duka iliyokula wali mtupu wa mboga. Obiero alikuwa amepasua kuni tangu alfajiri bila kuagizwa na mtu. Alipoiona Min Ji juu ya mafiga rangi ilimtoka. Akamwona Hadija Ajwang, mwenyewe, akichota kijiko cha kwanza, akala, akafumba macho kwa utamu. Rangi ikamrudi. Hakuuliza, na hajauliza mpaka leo. Mzee Odongo alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, Biblia kwapani, akala sahani ya kwanza na ya pili bila swali hata moja. Nakhumicha alikaa katikati ya Ajwang na mama wa bwana arusi, wakala wote sinia moja, na chakula kilimshuka vizuri sana. Alisema hivyo kwa sauti, mara kadhaa, mpaka Ajwang akamfinya.

Jioni watu walipopungua, Bridget alikunja mikono ya nguo yake akaanza kuisugua Min Ji karibu na bomba. Kazi hiyo amekuwa akiifanya yeye tangu mwaka jana, kwa sababu ya goti. Wazee wawili waliketi karibu wakinywa chai ya tangawizi.

"Mama," Bridget akasema, akiendelea kusugua, "mimi hufikiria. Siku moja, kwa bahati mbaya tu, mtu akipika nguruwe humu ndani, hakuna namna ya kuisafisha?"

Ajwang akaacha kunywa. Akakitazama kikombe chake kwa makini, kana kwamba swali hilo limeandikwa ndani yake.

Nakhumicha aliweka chai chini. Akainuka polepole, akaenda hadi bombani, akauchukua mkono wa mke wa mwanawe, umelowa na umejaa povu, akaushika kama wake ulivyowahi kushikwa.

"Ikiingia mara moja tu, imekwisha," akamwambia. "Hakuna dawa."

Bridget alifungua bomba. Akaisuuza sufuria, akaikausha ndani na nje kwa leso yake mwenyewe, kisha akaikumbatia kwa mikono miwili, akaibeba hadi nyumbani bila kumpa mtu mwingine hata sikio moja ashike.